Fundi wa Kupunguza

Sabufa zimejaa Kilwa Masoko. Maduka yanaziweka mlangoni, besi imezungushwa mpaka mwisho, na mpita njia hupata mtikisiko kifuani kabla hajaujua wimbo. Katikati ya vurugu hiyo bado yuko fundi redio ambaye watu humwita nyumbani si kwa kuwa redio imekufa, bali kwa kuwa inalia vibaya.

Nilimtazama kazini katika sebule moja ya Kilwa Kivinje, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Hakuanza kwa kugusa kitufe. Alikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akaomba uwekwe wimbo ambao mwenyewe anaupenda, akausikiliza wote. Kisha akaitoa spika pembeni mwa kuta, akaomba mkeka utandikwe na pazia zito lishushwe. Ndipo akatoa simu na maikrofoni ndogo, akapiga ile sauti ya majaribio inayovuma kama mvua juu ya bati, na kwenye kioo cha simu ukachorwa mstari wa vilima na mabonde.

Kilima kikubwa kilisimama kwenye hezi 50. Wimbi la hezi hizo lina urefu wa karibu mita 7, na sebule ile ilikuwa na urefu wa nusu yake: wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake, linavimba. Mpiga gitaa la besi hana kosa, spika haina kosa. Chumba ndicho kinachoimba. Fundi akaishika sehemu hiyo peke yake kwenye ekwalaiza ya dijitali, akapunguza desibeli 6, nguvu yake ikabaki robo. Besi iliyokuwa ikinguruma mahali pamoja ikaanza kutembea, na maneno ya mwimbaji yakasikika mpaka silabi ya mwisho. Mabonde hakuyajaza. Bonde la mawimbi yanayofutana halijai. Ukililazimisha, amplifaya inachoka na sauti inapasuka.

Sikio lile halikutoka kwenye simu. Lilifundwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na magitaa ya bendi ya Mlimani Park, miaka ambayo nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza redio moja. Anajua sauti ya mtu inapaswa kukaa umbali gani na magitaa. Anajua pia kipi hakirudishiki: mwimbaji Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri za wakati ule hazikubeba besi nzito. Anayeisukuma leo haongezi ngoma, anaongeza ngurumo tu, na Siti anazama humo.

Sasa simu zinakuja na mipangilio ya tayari, iliyopangwa mbali, na watu wasiowahi kuona ukuta wa chokaa wa Kivinje. Vijana wanabonyeza mmoja, wanapandisha besi, wanaondoka. Fundi hana mwanafunzi. Wanaomtafuta ni wazee, na wazee wanapungua.

Wewe mwenye sabufa, irudishe besi katikati leo, usikilize wimbo mmoja mpaka mwisho. Na kijana mwenye sikio wa Masoko, Kivinje au Lindi, nenda kakae na fundi huyo angali anafanya kazi.