Nasaba kati ya Simulizi na Nyaraka: Uhakiki wa Roots ya Alex Haley

Tangu Roots ilipochapishwa mwaka 1976, uhakiki wake umeegemea swali moja: je, ni kweli au ni ubunifu? Makala hii inadai kwamba swali hilo halitoshi, kwa kuwa matawi ya nasaba inayosimuliwa humo hayana uzito sawa wa ushahidi.

Tawi la karibu ndilo imara zaidi. Haley alilelewa Henning, mji mdogo wa mashambani magharibi mwa Tennessee, akisikiliza masimulizi ya bibi yake, Cynthia Palmer, na ndugu zake barazani. Baadaye aliyalinganisha na sensa ya 1870, akamkuta mhunzi Tom Murray na familia yake katika wilaya ya Alamance, North Carolina. Hapa simulizi na waraka vinashikana mikono.

Nyuma ya 1870 upo ukuta. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa, kwa kawaida, kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Ukimya huo haukutokana na uzembe wa makarani. Ulikuwa sehemu ya mfumo uliomhesabu mtu kama mali. Kwa hiyo, kukosekana kwa jina si ushahidi kwamba mhusika hakuwapo.

Hata hivyo, ukimya hauhalalishi kila kiungo kinachowekwa mahali pake. Gary na Elizabeth Mills walionyesha mwaka 1981 kwamba mtumwa Toby wa familia ya Waller, ambaye Haley alimfanya kuwa Kunta Kinte, alikuwapo Virginia kabla ya meli Lord Ligonier kutia nanga Annapolis mwaka 1767. Mwaka huohuo Donald Wright alihoji ushahidi wa Juffure, nchini Gambia: msimulizi Kebba Fofana alisimulia baada ya habari anazozitafuta mgeni kujulikana. Jibu lilikuwa limetanguliwa na swali lililolibeba.

Somo hili linaigusa Afrika ya Mashariki na Kati moja kwa moja. Jan Vansina, ambaye Haley alimwendea kuhusu maneno ya Kiafrika yaliyohifadhiwa na familia yake, alijenga mbinu zake za kuchunguza mapokeo simulizi akiwa Kongo, Rwanda na Burundi. Mbinu hizo hudai kujua nani alisimulia, alipokea kwa nani, mbele ya nani, na kwa maslahi gani.

Udhaifu wa Roots, basi, haumo katika kuamini simulizi, bali katika kuyaunganisha matawi yote kwa sauti moja ya uhakika. Hifadhi za nyaraka za kanda hii zinapokusanya nasaba za vijijini, ambazo mara nyingi huamua haki za ardhi na urithi, hazina budi kuhifadhi pia maswali yaliyoulizwa na mazingira ya mahojiano. Bila hayo, kizazi kijacho kitarithi majibu kisichoweza kuyapima.