Gurudumu la Wakati, Mara ya Pili

Safari hii sikuleta hadithi. Nimeleta uhakiki, ingawa mimi si mhakiki. Ni mtu wa kidato cha nne tu, ninayeandika riwaya ambayo haijaisha. Lakini nimemaliza kusoma kwa mara ya pili vitabu 14 vya mfululizo mmoja, na mtu aliyevumilia kiasi hicho nadhani ana haki ya kusema neno.

Mfululizo wenyewe ni The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, wa Mmarekani Robert Jordan. Hilo lilikuwa jina la vitabuni. Jina lake halisi ni James Oliver Rigney, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, mwaka 1948, na kabla ya kuwa mwandishi alipigana vita vya Vietnam. Juzuu ya kwanza, The Eye of the World, ilitoka 1990. Ya mwisho, A Memory of Light, ilitoka 2013. Katikati hapo, mwaka 2007, mwandishi mwenyewe alifariki. Juzuu tatu za mwisho zilikamilishwa na Brandon Sanderson kutokana na maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu. Aliyemchagua Sanderson ni mjane, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu hivyo. Ukijumlisha yote unapata maneno zaidi ya milioni nne. Na sisi shuleni tulikuwa tunalalamika kwamba Joka la Mdimu ni kirefu!

Kisa kwa ufupi ni hiki. Rand al'Thor, kijana mchunga kondoo wa kijiji cha pembezoni kiitwacho Emond's Field, anagundua kwamba yeye ndiye Joka Aliyezaliwa Upya, mtu aliyetabiriwa kuiokoa dunia na papo hapo kuivunja. Nguvu ya ajabu wanayoitumia wanaume imetiwa uchafu, kwa hiyo kila mwanamume anayeigusa mwisho wake ni wazimu. Wakati nao haunyooki. Huzunguka kama gurudumu, na watu huzaliwa tena na tena.

Mara ya kwanza nilivisoma nikiwa na miaka 18, nasubiri matokeo ya mtihani. Kitabu cha kwanza kukipata kilikuwa juzuu ya nne, tena bila jalada, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai kando ya barabara. Nikaanza na hiyo hiyo, sielewi nani ni nani. Juzuu ya kwanza niliipata baadaye, na nyingi zilizobaki nilizisomea kwenye simu usiku, kamusi pembeni. Nilikimbia. Nilitaka vita, nilitaka uchawi, nilitaka kujua nani atakufa. Nikifika mahali watu wanakaa na kuongea, naruka kurasa mbili. Nikamaliza, nikashusha pumzi, nikasema: na mimi nitaandika kama huyu. Nikanunua kauntabuku.

Sasa bwana, kusoma mara ya pili ni kazi nyingine kabisa. Taharuki yote imekwisha. Nani atakufa unamjua. Basi unabaki na swali moja tu, nalo ndilo swali la uhakiki huu: ule urefu wote ulikuwa wa nini?

Shuleni tulifundishwa kuipasua riwaya vipande viwili, fani na maudhui, halafu chini ya kila kimoja unapanga dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika, mtindo. Ni njia nzuri na ilinipa alama. Lakini kwenye orodha ile hapakuwa na mahali pa kuandika urefu. Kitabu kilikuwa kirefu au kifupi kama mtu alivyo mrefu au mfupi, hakuna anayeulizwa kwa nini. Mimi nasema mwandishi aulizwe. Urefu ni kitu anachomtoza msomaji, na msomaji ana haki ya kujua amelipia nini.

Nianze na pale alipotutoza bure. Mwishoni mwa juzuu ya nane, iliyotoka 1998, Faile, mke wa Perrin, anatekwa. Anaokolewa katika juzuu ya 11, iliyotoka 2005. Miaka saba! Muda wote huo Perrin yuko kambini, amenuna, anamuwaza mkewe, na sisi tunanuna naye. Mat, ambaye kwangu ndiye mcheshi kuliko wote, anaangukiwa na ukuta mwishoni mwa juzuu ya saba, halafu katika ya nane hatumwoni hata mara moja. Juzuu ya 10, Crossroads of Twilight, ndiyo iliyonichosha kabisa. Mwisho wa ya tisa Rand amefanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, nasi tumekaa mkao wa kula. Kumbe sehemu kubwa ya kitabu kinachofuata inarudi nyuma kutuonyesha wengine walikuwa wapi siku ile, na wengi wao walikuwa hawafanyi lolote la maana. Ongeza magauni yanayoelezwa hadi mshono wa mwisho, na Nynaeve anayevuta msuko wake wa nywele kila akikasirika, naye hukasirika kila ukurasa. Mara ya kwanza haya niliyaruka. Mara ya pili nilijilazimisha kuyasoma, na sioni kwamba nilipoteza kitu nilipoyaruka.

Kwa mtazamo wangu, tatizo la Jordan katika juzuu hizo ni kwamba hakuweza kumwacha mtu nyuma. Kila aliyemwumba alimpenda, na kila aliyempenda alimpa safari yake, mahasimu wake na watumishi wake, na wale watumishi nao wakaanza kuwa na safari zao. Ni kama mtu anayealika harusi kwa kuogopa lawama. Mwisho ukumbi umejaa na bibi harusi haonekani.

Hayo ni malalamiko. Sasa nieleze kwa nini, pamoja na hayo, nasema vitabu hivi ni vikubwa kwa maana nyingine ya neno hilo.

Katika juzuu ya kwanza, mapema kabisa, majitu yaitwayo Trolloc yanashambulia nyumba ya akina Rand usiku. Baba yake, Tam, anajeruhiwa na homa inampanda. Rand anatengeneza machela kwa miti ya mkokoteni na blanketi, anamburuta baba yake msituni usiku kucha hadi kijijini. Huko njiani Tam anaweweseka. Katika kuweweseka anasema jambo ambalo Rand hakupaswa kulisikia, kwamba alimwokota mtoto mchanga mlimani wakati wa vita. Mtoto mwenyewe ndiye Rand.

Nilipokuwa na miaka 18 sehemu hii niliipita haraka. Nilichokwenda nacho ni siri tu: kumbe si baba yake! Machela sikuiona.

Mwaka 2022 baba yangu aliugua akiwa kijijini kwetu, upande wa milima ya Uluguru. Ilikuwa masika na gari lisingeweza kupanda. Tulimfunga kwenye machela, mimi na majirani watano, tukashuka naye kwa zamu hadi barabara kubwa. Anayejua milima ile anajua njia zake zikilowa. Homa ilikuwa kali. Kila tukipumzika alikuwa akiniuliza, "Mbuzi mmewafunga?" Namjibu, "Tumewafunga, baba." Tukienda kidogo ananiuliza tena. Alifariki baada ya wiki mbili. Mbuzi kwa kweli hatukuwa tumewafunga.

Nilipoisoma tena sura ile mwaka uliofuata, nilikaa nayo siku nzima. Nikaona Jordan ameandika mambo ambayo mtu aliyebeba mgonjwa anayajua: mabega yanavyouma hadi yanaacha kuuma, hofu ya kusimama, hofu ya kuangalia kama bado anapumua. Siri ya mtoto wa mlimani haikuwa kiini chake. Kiini ni kwamba kijana amesikia kwamba huyu si baba yake, na bado hakuiachia ile machela.

Sasa angalia mwandishi alivyolitumia jambo hili. Muda mfupi baada ya usiku ule Rand anaondoka kijijini, akimwacha Tam kitandani. Hawaonani tena ana kwa ana hadi juzuu ya 12, The Gathering Storm, ya mwaka 2009. Kwa aliyekuwa akinunua kila kitabu kilipotoka, hiyo ni miaka 19. Rand wa juzuu ya 12 amepoteza mkono, ameua, ameamua asihisi chochote ili asiumie. Tam anakuja kuongea naye. Maongezi yanaanza vizuri, halafu Rand anagundua kwamba baba ametumwa na mtu mwingine. Anapandwa na hasira na nusura amuue. Yule aliyemburuta usiku kucha ili asife! Anashtuka na kukimbia, na baadaye anafika juu ya mlima Dragonmount. Msomaji wa mara ya pili anashika kichwa, kwa sababu ndio mlima ule ule wa maneno ya homa, mlima alikookotwa. Hapo anauliza kwa nini binadamu azaliwe tena na tena aje kuteseka upya. Jibu analolipata, kwa maneno yangu mimi, ni kwamba tunarudi ili tupate kupenda tena, na pengine safari hii tusikosee.

Hili lisingewezekana katika kitabu cha kurasa 200. Ungesoma machela asubuhi na mlima jioni, ukasema sawa, mwandishi kapanga vizuri. Lakini baada ya juzuu 11 umemsahau Tam kama Rand alivyomsahau. Kosa la Rand umelitenda wewe. Hapo ndipo urefu ulipofanya kazi yake: ulinipa muda wa kusahau ili nikumbushwe. Perrin kambini hakunipa hicho. Alinipa muda tu.

Na kuna jambo jingine linalonigusa. Aliyemlaza Tam kwenye machela ile hakuwa hai juzuu ya 12 ilipotoka. Jordan alikuwa akisema kwamba onyesho la mwisho la mfululizo alilijua tangu hajaanza kuandika, na sehemu ya mwisho huo aliiacha ameshaiandika. Aliyeimalizia kazi hiyo alikuta njia imeonyeshwa. Sisi tunaoandika kwa kungoja "itakavyokuja yenyewe" tulifikirie hilo.

Mimi nililifikiria. Riwaya yangu ilikuwa imefika kauntabuku saba. Katika ukurasa wa 12 wa kauntabuku la kwanza nilimuua baba wa shujaa wangu, kwa mshale mmoja, ili kijana apate sababu ya kuanza safari. Nilikuwa nimeona filamu nyingi zinafanya hivyo. Hakulia zaidi ya mistari minne, kisha akapanda punda akaondoka, na kwa kauntabuku sita zilizofuata hakumtaja mzee wake hata mara moja. Nilidhani ule ni urefu. Kumbe nilikuwa nasafiri na mtu asiyebeba chochote.

Basi nimeondoa kauntabuku la tatu, la nne na la tano. Zilikuwa safari na masoko na wafalme nisiowahitaji. Onyesho la mwisho nimeliandika, limekaa kwenye bahasha, na dada yangu anajua ilipo. Na yule mzee nimemfufua. Ana homa, anaulizia mifugo, na kijana yuko njiani naye.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi mwenzetu humu, aliniambia nisimpe mtu mzima ushauri wa kusoma maneno milioni nne, ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Ushauri wangu ni mdogo zaidi: soma juzuu ya kwanza. Ukifika kwenye ile machela, usiruke kurasa.