Mji Usioonyeshwa: Ufundi wa Kuijenga Jamii Bora kwa Vinywa vya Waliorudi

Kazi yoyote ya sanaa inayonuia kumwonyesha mtu jamii bora, yaani jamii ya kubuni ambamo dhuluma, ufukara na unyonge vimekwisha, hukutana na kikwazo cha kiufundi kabla haijafika kwenye falsafa yake, kwa kuwa mtazamaji akishaonyeshwa nyumba, mitaa na mavazi ya jamii hiyo huacha kuitamani na kuanza kuikagua. Filamu ya Uingereza iitwayo They Came to a City, iliyotengenezwa na studio za Ealing na kutolewa mwaka 1944, wakati Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinapiganwa, ilikabiliana na kikwazo hicho kwa uamuzi mmoja wa kijasiri: mji wenyewe hauonyeshwi hata mara moja. Kwa kuwa sasa limetokea toleo lake lililotiwa rangi, uamuzi huo unastahili kuchambuliwa upya, na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Bagamoyo kupita Pangani hadi Tanga, ni mahali panapofaa sana kwa uchambuzi huo, kwa sababu ndiko alikotoka mwandishi aliyeitatua kadhia hiyohiyo kwa kalamu tupu.

Filamu hiyo ilitokana na tamthilia ya J. B. Priestley iliyochezwa London mwaka 1943, miezi michache baada ya Ripoti ya Beveridge ya Desemba 1942 kuwafanya Waingereza wa kawaida wajadili hifadhi ya jamii, yaani mpango wa taifa zima kubeba gharama za maradhi, uzee na ukosefu wa kazi. Mwongozaji Basil Dearden aliwachukua waigizaji wengi walioicheza jukwaani na kuihifadhi sura ya jukwaa kwa makusudi. Watu tisa wa matabaka mbalimbali, miongoni mwao baharia, mhudumu wa mgahawa, mama wa kufanya usafi, karani wa benki na mkewe, mfanyabiashara na bwana mwenye cheo cha heshima, wanachomolewa ghafla katika shughuli zao na kujikuta nje ya ukuta wa mji wasioujua. Mlango unafunguka, wanaingia, wanashinda humo mchana kutwa, na jua linapokuchwa kila mmoja inampasa aseme kama atabaki au atarudi alikotoka.

Ufundi wa kwanza upo pale wahusika wanapochungulia kutoka ukingoni mwa ukuta na kuuona mji ulio chini yao. Katika filamu ya kawaida, mtu akitazama kitu nje ya fremu, yaani nje ya mipaka ya picha, taswira inayofuata humwonyesha mtazamaji kile kilichotazamwa. Ni kanuni ya uhariri ambayo macho ya watu yameizoea kiasi kwamba hawaitambui tena kuwa ni kanuni. Hapa kanuni hiyo inavunjwa: kamera inabaki upande wa nyuso, na mtazamaji anausoma mji katika paji la uso linalokunjuka na jicho linalopanuka. Ufundi wa pili ni mruko wa wakati, yaani kukiacha kipande cha tukio bila kukisimulia, maana mchana wote wa ndani ya mji, ambao ndio kiini cha hadithi, umerukwa. Mlango unafunguka asubuhi, na kinachofuata ni watu wanaorudi jioni.

Wanaporudi ndipo ufundi wa tatu unapofanya kazi kubwa kuliko yote. Kila anayetoka anatoa ushahidi, na ushahidi wa kila mmoja umepinda kufuata maslahi yake, hata mtazamaji analazimika kufanya hesabu ya kutoa: anaondoa choyo au kiburi cha msemaji, na kinachobaki ndicho mji. Mfanyabiashara anatoka amekasirika kwa kuwa humo hakuna aliyeuheshimu ujanja wake wa kutengeneza fedha, na hasira yake inawapa watazamaji maelezo ya uchumi wa mji ule kwa usahihi ambao hotuba ya kuusifu isingeufikia. Lalamiko la mwenye cheo linageuka kuwa sifa, na sifa hiyo inaaminika kwa sababu imetoka kinywani mwa mtu ambaye hakukusudia kusifu. Karani wa benki, ambaye angependa kubaki, anaondoka kwa ajili ya mkewe, na baharia Joe pamoja na Alice, mhudumu wa mgahawa, wanaupenda mji huo pengine kuliko wote, lakini wanachagua kurudi ili wakawaambie wengine kwamba upo.

Toleo la rangi linapaswa kupimwa kwa ufundi huo. Kuitia rangi filamu ya nyeusi na nyeupe si kuirudishia kitu ilichopoteza, kwa sababu rangi haikuwahi kuandikwa kwenye mkanda wake. Kila nukta ya picha ina thamani moja tu, yaani kiwango cha mwangaza kati ya weusi na weupe, na kiwango hicho kimoja kinaweza kuwa kimetokana na gauni jekundu, la kijani au la buluu. Zamani mafundi walichagua rangi kwa mkono, fremu baada ya fremu. Baadaye kompyuta ilisaidia kuieneza rangi iliyochaguliwa. Na leo programu za akili mnemba, ambazo zimejifunza kutokana na picha nyingi za rangi, hukisia kwamba ngozi huwa hivi, majani hivi na anga hivi. Katika njia zote hizo mwangaza wa awali huachwa ulivyo na rangi hutandazwa juu yake, kwa hiyo kinachoonekana ni ubashiri uliowekwa juu ya ushahidi, na mtazamaji hapewi alama ya kumwonyesha wapi ushahidi umeishia na wapi ubashiri umeanzia.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri ikiwekwa kando ya filamu nyingine ya Uingereza iliyoanza kutengenezwa wakati wa vita hivyohivyo, na ambayo Watanzania wana haki ya kuijua zaidi. Men of Two Worlds ya mwongozaji Thorold Dickinson, iliyotolewa mwaka 1946, ilipigwa baadhi ya picha zake za nje Tanganyika na kukamilishwa katika studio za Denham nchini Uingereza, nayo inamhusu Kisenga, mwanamuziki anayerejea kutoka London kusaidia kuwahamisha watu wake kutoka eneo la mbung'o wanaoeneza malale hadi makazi mapya yaliyopangwa. Nayo, basi, inahusu kuchagua jamii mpya. Rangi yake ni ya Technicolor, mfumo ambao miale inayoingia kwenye kamera iligawanywa na kioo maalumu na kuandikwa kwenye mikanda mitatu tofauti, ya wekundu, ya kijani na ya buluu, kisha ikaunganishwa katika nakala moja. Udongo unaoonekana mwekundu katika filamu hiyo uliacha alama yake ya wekundu kwenye mkanda siku ulipopigwa picha. Hata hivyo ukweli wa rangi haukuleta ukweli wa hoja: jumuiya ya wanafunzi wa Afrika Magharibi jijini London iliupinga mswada wake kwa jinsi ulivyomchora mganga na jamii yake, na pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa katika filamu hiyo uamuzi wa kuhama umekwisha kupitishwa ofisini mwa mkuu wa wilaya, na wanakijiji wanabakiziwa kuukubali tu.

Madhara ya rangi katika They Came to a City ni ya aina yake. Ukijivu wa ukuta ule haukuwa upungufu wa bajeti peke yake. Ulikuwa sehemu ya ahadi, kwa sababu mahali pasipo na rangi hapana nchi, hapana majira wala saa mahususi. Ukuta ukishapakwa rangi ya mchanga unakuwa ukuta wa mahali fulani, na anga ikishapakwa buluu mtazamaji anatarajia kwamba chini yake patakuwa na paa za rangi fulani pia. Nyuso zenyewe, ambazo ndizo zilizobeba taarifa zote kuhusu mji, zinanufaika kidogo, maana wekundu wa hasira unasomeka upesi zaidi, lakini faida hiyo ni ndogo ikilinganishwa na kile kinachopotea pale ukutani.

Mwandishi wa pwani aliyetajwa mwanzoni ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na kuchapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Mwingereza. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, kwa hiyo msomaji ananyimwa barabara ya kuifikia tangu ukurasa wa mwanzo. Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na katika kujitetea anaeleza habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na habari za mambo mema waliyoyaona, wakaadhibiwa kwa kuyasema. Hapa jamii bora iko mbali na msomaji kwa hatua mbili: msomaji anamsikia Karama, na Karama anawasemea walioona.

Kwa kipimo cha ufundi, Shaaban Robert alifanya vizuri zaidi katika jambo moja ambalo filamu ililiharibu. Dearden na Priestley waliizungushia hadithi yao fremu ya nje, ambamo mwanamume na mwanamke waliovaa sare wanabishana kilimani kuhusu dunia ya baada ya vita, na Priestley mwenyewe anatokea kuwasimulia. Matokeo yake ni kwamba hadithi inageuka kuwa mfano wa somo, na msimuliaji hahatarishi chochote kwa kuisimulia. Fremu ya Kusadikika ni mahakama. Anayesimulia ni mshtakiwa, na kila sifa anayoitoa kuhusu nchi za mbali inaweza kuzidisha hukumu yake, jambo linaloupa ushahidi wake uzito ambao tabasamu la mwandishi mwenye kiko haliwezi kuuleta.

Katika pwani hiyohiyo, Bagamoyo ina ardhi ambako jamii bora ilijaribiwa kujengwa kweli, kwani mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mtu anayeyatembelea majengo ya misheni leo anaona kanisa, makaburi na makumbusho, na anaposoma habari za kijiji chenyewe anakutana mara moja na kanuni, ratiba za kazi na nyakati za sala. Uhuru uliahidiwa kwa dhati, lakini ulipopewa kuta ulipewa na kengele pia.

Mji huohuo una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na uigizaji wa jukwaani ni miongoni mwa masomo yake tangu zamani. Kazi hizi mbili, ya Priestley na ya Shaaban Robert, zinaweza kuchezwa hapo kwa vifaa vichache mno. Tamthilia ya Priestley inadai ukuta na mlango, na mlango wa nakshi kama milango iliyosalia katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo ungetosha, kwa kuwa watu wa pwani wamezoea kupima hadhi ya nyumba kwa mlango uliofungwa. Kusadikika ni ngumu zaidi. Mwigizaji atakayekuwa Karama itabidi aamue, pamoja na mwongozaji wake, kama wajumbe sita watapanda jukwaani na kuigiza waliyoyaona wakati yeye akisimulia, au kama atasimama peke yake mbele ya baraza na kuzibeba sauti zote sita. Njia ya kwanza inapendeza macho, inawapa kazi waigizaji wengi na inaruhusu ngoma na maleba. Njia ya pili inachosha, inahitaji mwigizaji aliyekomaa mwenye pumzi ndefu na uwezo wa kubadili sauti bila kubadili mahali aliposimama, lakini ndiyo inayokifuata kitabu, kwa sababu inayaacha mema ya nchi zile yabaki katika kinywa cha mtu mmoja anayesubiri hukumu.