Historia Iliyoandikwa na Boyi

Wengi wetu tuliosoma historia ya Katanga katika seminari tuliisoma kwa Kifaransa, na tuliianza kwa wakubwa: mfalme Leopold II, kapiteni Stairs, kifo cha Msiri huko Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, Union Minière kuundwa mwaka 1906, reli kufika Elisabethville mwaka 1910. Hayo yote ni kweli. Lakini ni nani aliyewapikia wale mabwana na kufua nguo zao? Kuna kitabu kimoja kinachotujibu, nacho kimeandikwa kwa Kiswahili cha kwetu.

Jina lake ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville. Asiyekijua atadhani ni kamusi; kumbe, ni historia. André Yav alikitunga mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru, kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Mwaka 1990 Johannes Fabian, yule aliyeandika juu ya Jamaa ya Padri Tempels, alikitoa tena huko Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Siku hizi kinapatikana hata katika intaneti.

Ukikifungua utashangaa kwanza. Maneno yameunganishwa pasipostahili, mengine yamekatwa katikati, nukta hazifuati sheria. Fabian mwenyewe hakuweza kukielewa vizuri mpaka Kalundi Mango, mtu wa huku, alipokisoma kwa sauti. Ndipo ikaonekana ya kwamba ni mazungumzo ya mzee, ila yamewekwa juu ya karatasi. Basi, msomaji, usikisome kimyakimya.

Tumesikia mafratri wakicheka: eti hiki ni Kiswahili cha jikoni. Ndiyo, ni cha jikoni, na jikoni ndipo boyi aliposimama miaka yote akimsikia bwana akisema mezani yale asiyoyasema ofisini. Kiswahili cha vitabu vyetu vya sala kililetwa kutoka mashariki, nacho ni kizuri. Lakini tunamhubiria mzee kwa Kiswahili kimoja, naye anaungama kwa kingine. Je, tutamsahihisha katika kitubio?

Hata hivyo hatukisifu kitabu hiki pasipo kipimo. Miaka inachanganyika mara nyingi, na uvumi unasimama kando ya tendo la kweli kana kwamba ni ndugu mapacha. Mwalimu atakayekitumia darasani lazima awe na kitabu kingine mkononi. Tena, ni sauti ya mji na ya wanaume wa kazi. Huku kwetu Likasi, iliyoitwa Jadotville, Wasanga waliyeyusha shaba na kufanya misalaba yake kabla Mbelgiji yeyote hajafika. Historia yao haianzi na boyi wala na bwana, nayo inamngoja mwandishi wake.

Mambo haya si ya Katanga tu. Katika nchi tambarare za Kanada, Edward Ahenakew, Mkrii na padri wa Kianglikana, alikaa mwaka 1923 na mzee Thunderchild, chifu wa Wakrii, akaandika masimulizi yake juu ya maisha ya watu wao kabla ya kufungiwa katika maeneo ya serikali. Maandiko hayo yalichapwa mwaka 1973 tu, Ahenakew akiwa amekwisha kufa tangu mwaka 1961. Miaka 50 yalikaa kama karatasi! Lakini yalikuwapo, kwa sababu padri mmoja aliona kwamba kumsikiliza mzee ni sehemu ya kazi yake.

Na sisi? Vitabu vya habari za misioni vinatuambia siku askofu alipobariki kanisa. Waliochoma matofali hawatajwi. Wazee wa Kikula na wa Panda, ambao baba zao waliletwa kwa mkataba wa Bourse du Travail, wangali wapo wachache. Kila mwaka tunazika wengine, na katika kitabu cha mazishi tunaandika jina, umri, na sakramenti walizopokea.