Saa Isiyo na Tarakimu

Nianze na karatasi. Nikiwa mtoto kule Kurui, Kisarawe, bibi alipewa tarehe ya kurudi kliniki, na pembeni kaandikiwa muda: 2:00. Saa mbili, akasoma. Tukaondoka kijijini gizani, tukafika mapema, tukakaa kwenye benchi. Kumbe aliyeandika alimaanisha saa nane mchana. Bibi hakugombana na mtu. Alifungua kitambaa, akanipa muhogo wa kuchemsha, akasema, "Saa yao imechelewa, mjukuu wangu."

Nimeikumbuka karatasi ile nilipobadili simu yangu iwe ya Kiswahili. Mipangilio, Ujumbe, Kengele, vyote vimetafsiriwa. Isipokuwa saa. Inaandika 8:00, nasi tunasoma "saa mbili" bila hata kufikiri. Tumezoea kutoa sita kichwani hadi hatuoni kwamba tunatafsiri. Mtafsiri wa riwaya akiiacha "saa mbili asubuhi" ibaki mbili kwa Kiingereza, mhariri atamrudishia kazi. Simu hairudishiwi na mtu.

Basi nikatengeneza saa yangu. Haina tarakimu hata moja; inaandika sentensi: "Saa mbili kasorobo asubuhi." Kutoa sita ni mstari mmoja tu wa programu. Kazi ilikuwa lugha. Toleo la kwanza lilisema "saa mbili na dakika kumi na saba", nikalichukia papo hapo. Huyo ni mtangazaji wa redio, si bibi. Yeye angesema "saa mbili na ushei". Nikaiacha iseme hivyo, dakika zikapotea.

Rafiki yangu mmoja kaiona akacheka: hii huwezi kupandia basi. Kweli kabisa. Ila hesabu yetu inaanzia macheo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, macheo ya Pwani hayasogei hata saa nzima mwaka mzima. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, basi. Hiyo 7:00 ni ya saba toka katikati ya usiku, bibi amelala fofofo.

Kasoro yake kubwa ni nyingine. Inabadilisha siku saa sita usiku, kama simu zote. Kwa bibi siku ilibadilika magharibi: Alhamisi jua likizama, tayari ni usiku wa Ijumaa. Nilijaribu kuiandika hivyo, lakini saa hii nimeiweka kwenye simu ya mama, na mama ana kliniki Ijumaa. Nimeirudisha ilivyokuwa.