Walenisi na neno 'kulowea': Nani atagawa ardhi ya Mirihi?

Juzi hapa Mtwapa, kijana anayeniuzia madafu alinisikia nikizungumza na mwenzangu kuhusu mipango ya binadamu kuhamia sayari ya Mirihi. Akasita, panga mkononi, akauliza: "Sasa Mwalimu, huko juu hatimiliki atatoa nani?" Tulicheka. Lakini swali lile nililala nalo na kuamka nalo, na ndilo lililonirudisha kwenye riwaya ya Walenisi (1995) ya marehemu Katama Mkangi, mwana wa Pwani hii hii.

Kwa wasioijua, mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo. Anatiwa ndani ya chombo cha angani kilichokusudiwa kumwangamiza. Badala ya kufa, anakimudu chombo kile na kutua kwenye sayari isiyokuwa na mnyonyaji wala mnyonywaji. Jina la sayari ukilipasua utapata sentensi nzima: wale ni sisi.

Nianze na kasoro. Ukiisoma Walenisi ukitafuta sayansi, utatoka mikono mitupu. Mkangi hajishughulishi sana na hewa wala maji, na mazungumzo ya wahusika wake mara nyingi hugeuka mihadhara. Hali halisi ni ngumu zaidi. Hewa ya Mirihi ni takriban asilimia 95 kabonidayoksaidi, na kanieneo yake haifiki asilimia moja ya hii yetu. Safari ya kwenda tu huchukua miezi sita au zaidi. Hebu tazama Jumba la Mtwana, magofu yaliyo jirani na hapa: mji ule ulihamwa katika karne ya 15, na miongoni mwa sababu zinazokisiwa ni uhaba wa maji. Ikiwa mji wa pwani ya dunia hii uliweza kushindwa, sembuse Mirihi?

Hata hivyo, Mkangi aliuliza jambo ambalo wahandisi hawaulizi: wanaofika huko watakuwa watu wa namna gani baina yao? Hapa ndipo lugha inapoingia. Nimewasikia watangazaji wetu wakisema ati binadamu 'ataitawala Mirihi'. Wengine husema 'atafanya koloni'. Kwani hatuna neno? Tunalo: kulowea, yaani kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja hadi ukawa mwenyeji. Kutua si kukaa, na kukaa si kulowea. Ila neno hili lina kovu. Likizaa nomino, tunapata mlowezi, na msomaji wa Kenya akisikia walowezi haoni wageni waliogeuka wenyeji. Anaona mashamba yaliyochukuliwa.

Kovu hilo Pwani tunalijua. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wadai ardhi kwa maandishi. Wengi waliokuwa wakilima kwa mila hawakudai, na vitukuu vyao wangali wanaitwa maskwota katika ardhi ya mababu. Kijana wa madafu hakuwa akifanya mzaha, bwana.

Wala anga si jambo geni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililo baharini huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kilirushwa chombo cha Wamarekani cha kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu, wakakiita Uhuru. Jina letu, chombo chao. Dzombo, kinyume chake, anakishika chombo mwenyewe, na kwangu mimi huo ndio uzito wa riwaya hii.

Mkataba wa kimataifa wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia sayari. Ni jambo jema, lakini karatasi pekee tulishaona zinavyofanya kazi. Mkangi hakutupa sheria. Alitupa jina, Walenisi, ambalo kila ukilitamka unakiri kwamba aliye upande wa pili ni wewe.

Nimemwahidi kijana yule nakala yangu. Nami nawaomba watangazaji na walimu: tukizungumzia Mirihi, tuseme kulowea, na tusilifiche kovu lake. Tukisema 'kutawala', tutakuwa tumekwisha kugawa viwanja kabla hata chombo hakijaondoka.