Aziz Ki akae wapi mbele ya Kagere na Kibadeni?

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo, kati ya Mtaa wa Msimbazi kwa Simba na Twiga kwa Yanga, ukubwa wa mchezaji hupimwa kwa idadi ya mabao. Kwa kipimo hicho Stephane Aziz Ki anaangushwa mapema: alifunga 21 akiwa Yanga msimu wa 2023/24, Meddie Kagere alifunga 23 akiwa Simba msimu wa 2018/19, na rekodi ya msimu mmoja, ya Mohamed Hussein 'Mmachinga', ni 26.

Lakini Kagere alikuwa kwenye ligi ya timu 20, mechi 38. Aziz Ki alikuwa na timu 16, mechi 30. Ukigawa, Kagere anapata bao 0.61 kwa kila mechi ya ligi, Aziz Ki 0.70. Na Kagere ni straika, kazi yake ni kukaa karibu na goli. Aziz Ki ni kiungo. Kazi yake huanzia mbali zaidi na goli.

Wacheza sataranji wangeuliza swali jingine: alimwacha wa pili kwa kiasi gani? Mwaka 1972 Bobby Fischer alikuwa na pointi za viwango 2785, bingwa wa dunia Boris Spassky 2660. Pengo hilo la 125 ndilo linalombeba Fischer hadi leo. Hapo Kagere anapumua, maana aliyemfuata, Salim Aiyee, aliishia 18. Aziz Ki alimzidi Feisal Salum wa Azam kwa mabao mawili tu. Hoja nzito, ila hainigeuzi: Feisal naye ni kiungo, na mbio zao ziliwaacha mastraika wote nyuma.

Kwa hiyo namweka Aziz Ki juu ya Kagere.

Kwa Abdallah Kibadeni siwezi. Julai 19, 1977 alifunga matatu Simba ikiipiga Yanga 6-0, na hadi leo hakuna mwingine aliyepiga hat-trick kwenye mechi ya watani. Aziz Ki aliifunga Simba kwa faulo Oktoba 2022, akafunga tena kwenye ile 5-1 ya Novemba 2023, lakini siku ile sifa ziligawanywa na Maxi Nzengeli aliyefunga mawili. Kibadeni alifunga nusu ya mabao ya dabi yake mwenyewe, na katika mji huu dabi ndiyo kipimo kikubwa kuliko ligi.